Kisima Nilichokifunga Minago

Nakumbuka asubuhi moja pale Minago, mwanangu, niliposhika brashi ya rangi nyekundu nikachora mistari miwili iliyokatizana kwenye ukingo wa kisima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa na hakika. Hakika ya ujana ni tamu, nisikufiche. Hata leo kuna siku naitamani.

Ilikuwa miaka ya vita. Chuo kikuu kule Bujumbura kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa, nami nikarudi kwetu Rumonge na sanduku moja magotini, katika minibasi iliyosimamishwa mara tatu kabla hata ya kuvuka Kabezi. Askari mmoja alilifungua, akaitoa elektrodi yangu, akaigeuzageuza, akauliza kama ni sindano ya ng'ombe. Nikamwambia ni ulimi wa kuonjea maji. Akacheka, akanirudishia.

Sikumdanganya sana. Elektrodi ile ilikuwa bomba la plastiki, urefu wake kama kalamu, na mwishoni ilikuwa na utando mwembamba, laini kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Utando ule niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, nikaukata kwa wembe, nikaubandika huku nimezuia pumzi. Kazi yake ni ya bawabu. Katika chumvi zote zilizoyeyuka majini, unaifungulia moja tu, nitrati, na umeme mdogo unaotokea pale mlangoni ndio unaokuambia nitrati ni kiasi gani. Nitrati ikizidi, mtoto mchanga anayenyweshwa maji yale anakosa hewa ndani ya damu, midomo inageuka bluu. Kuchemsha hakusaidii. Unaona basi kwa nini niliogopa.

Minago palikuwa na kambi ya watu waliokimbia milima, na kambi ilikuwa na kisima kimoja. Niliunganisha elektrodi na mashine yake ndogo, nikapima, mshale wa mashine ukapanda. Nilipima tena, ukapanda vilevile. Nikamwambia shefu wa zoni, mkuu wa eneo lile, akanishukuru mbele ya watu, nikaenda kutafuta rangi.

Kuanzia siku ile wanawake walichota maji kijitoni, nyuma ya mashamba ya michikichi, mahali ambapo watu wenye bunduki walipita walivyotaka. Nilijua. Nilijiambia: watoto kwanza. Nililala usingizi mzuri kabisa.

Siku ya tisa, Esperansi, binti aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alirudi bila bidoni, dumu lake la maji, na matope hadi kifuani. Alikuwa amelala mtaroni kati ya michikichi huku risasi zikipita juu yake. Alipoteza bidoni na kiatu kimoja. Watu walisema ana bahati. Mimi sikuweza kumtazama.

Jioni hiyohiyo alinifuata Mama Sifa, mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo, aliyevuka ziwa zamani, mwenye mapipa ya kutilia samaki chumvi. Nyuma yake walikuja wanawake kama kumi.

"Amahoro, mademuazeli," akanisalimia.

"Amahoro, mama."

"Nimekuja kuona hii kijiti yenye inatutumaka kule mutoni. Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaiinamia.

"Iko kadogo hivi? Mimi nilizania iko na kichwa."

Wanawake wakacheka. Nikamweleza habari ya nitrati na damu ya watoto wachanga, naye alisikiliza vizuri, kuliko walimu wangu wengi. Kisha akaniuliza:

"Sawa. Sasa hii maji ya kisima, wewe uliionja?"

"Hapana, mama. Sisi tunapima, hatuonji."

"Aa. Daktari wa maji asiyekunywaka maji." Aliwageukia wenzake, kisha akanirudia, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Hii maji iko na chumvi, mutoto wangu. Kila mutu hapa anajua. Tangu barabara ifungwe, samaki ya sangala haifikake Bujumbura ikiwa mbichi, basi tunaitia chumvi, na mapipa tunaoshea pale pale. Wewe uliuliza mutu hata mumoja?"

Sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja.

Nilikaa chini, mwanangu. Vitabu vilikuwa vimenionya: chumvi ya jikoni inaweza kumsukuma bawabu yule, na ikija kwa wingi anaifungulia kama ndugu, mashine ikaihesabu kuwa nitrati. Lakini utando wangu nilikuwa nimeujaribu Bujumbura katika maji safi tu, yasiyofanana na ya mtu yeyote wala ya mahali popote. Niliupenda mno hata sikuutilia shaka.

Asubuhi nilichukua chupa ya maji ya kisima mbele yao wote, nikatia unga wenye madini ya fedha, ule usio na nitrati ndani yake, ambao huikamata chumvi na kuishusha chini. Maji yakawa meupe pepepe.

"Umeigeuza maziwa," akasema Mama Sifa. "Sasa utuletee na ng'ombe."

Tulisubiri weupe utulie chini. Nikamimina yale ya juu, nikapima. Mshale ulipanda kidogo tu, ukasimama mbali kabisa na hatari. Nilirudia mara tatu. Kisha nikateka kikombe kisimani, nikanywa. Yalikuwa na chumvi, kweli. Mtoto wa miaka mitatu angeniambia.

Shefu wa zoni alinivuta kando. Hakuwa mtu mbaya. "Tutasema mashine iliharibika, ukaitengeneza," akaninong'oneza. "Ukisema ulikosea, kesho utawaambia nini wakuamini?" Maneno yale yalinibembeleza. Yalikuwa na akili, na yalikuwa na huruma kwangu. Hayakuwa na nafasi ya binti aliyelala mtaroni.

Nikarudi kwa wanawake. Nikasema: "Mashine haikuharibika. Mimi nilikosea. Nilikifunga kisima chenu bila kuwauliza ninyi mnaokunywa maji yake."

Nilisubiri matusi, na ningeyapokea. Esperansi ndiye aliyefungua mdomo.

"Kwa hiyo ninaweza kuchota?"

"Unaweza."

Akaazima bidoni, akaenda, tumbo mbele, akawa wa kwanza. Mama Sifa akatangaza kwamba mapipa yatahamia chini, karibu na ziwa, na kwamba mimi nitakuja kupima kila juma. Nilikuja kila juma mpaka kambi ilipovunjwa na watu wakarudi milimani kwao.

Miaka iliyofuata yote nimeitumia kwa tando hizi, kutafuta bawabu asiyesukumika. Nimejaribu plastiki za kila aina, nimejaribu hata kuzilainisha kwa mawese yetu ya Kigwena, yakanigomea. Baadhi zimefaulu na leo zinapima maji mahali ambapo sitafika. Wanafunzi wangu hunilaumu kwamba siupokei utando wowote kabla haujakaa katika maji ya watu: ya kuoshea samaki, ya sabuni, ya mvua iliyopita juu ya majivu. Wanalalamika. Wanafanya.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujaamua juu ya maisha ya watu, kaa nao, waulize, onja wanachokionja, hata kama chombo ulichoshika kimetoka mikononi mwako na unakipenda. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikitupie chombo lawama. Nenda mwenyewe kwa wale walioumizwa na kosa lako, ulitaje mbele yao, kisha ubaki pale ufanye kazi. Utaona aibu. Aibu ile haiui, na watu wana nafasi kubwa ya kukupokea kuliko unavyodhani.

Mungu akupe macho ya kuona ulichokipita, na masikio ya kumsikia anayekucheka kwa haki. Akupe kazi ndefu, yenye faida kwa watu usiowajua. Na popote utakapofika, mlangoni pa mtu yeyote, akupe kupokelewa kwa maji safi.