Kifungio cha Mkoba wa Mama Mkwe

Siku hizi ukimuuliza Patrobas namna ya kutunza vyuma vya mkoba visifubae, atakujibu kwa maneno mawili, "Ubebe tu," kisha atainamia sindano yake. Wateja wanasema ana maringo. Wengine wanasema anaficha ujuzi wake ili watu warudi kwake kila mwezi. Waache waseme. Hawakumjua miaka ile ya tisini na tatu, tisini na nne, alipokuwa haachi kusema.

Wakati huo, ukimpelekea mkoba pale soko la Kariokor, hakuangalia kwanza palipochanika. Aliangalia vyuma. Aligeuza kifungio, akapitisha kidole gumba juu ya pete zinazoshika mkanda, akanusa hata, kisha akakukazia macho kama daktari anayejua ulichokula jana. Alikuambia unachanganya mkoba na funguo, ndizo zinazokwaruza. Alikuambia unajipulizia manukato ukiwa umeshauvaa begani. Ulimletea zipu ya kushonwa, ukaondoka na mahubiri.

Ufundi huo alifundishwa na Mativo, mzee wa Kikamba aliyeanza kwa kuchonga vinyago kabla macho hayajamchosha akahamia ngozi. Kwa Mativo, sindano haigusi ngozi kabla kila chuma hakijavishwa kitambaa cha fulana kuukuu na kufungwa kwa uzi, kama kidole chenye jeraha. Kazi ikiisha, kitambaa kinatolewa, chuma kinapanguswa kikavu, kinapakwa rangi ya kucha ile isiyoonekana, na kuachwa kivulini kikauke. "Ngozi ikizeeka inapata heshima," alikuwa akisema. "Chuma kikizeeka kinakuaibisha wewe fundi." Patrobas aliyashika maneno hayo kuliko katekisimu.

Laiti angewashika watu wake kwa mikono ile ile! Lakini ndivyo tulivyo. Mtu atakivika chuma fulana, mkewe amwache na baridi.

Mkewe aliitwa Nasike, mtu wa kwao Magharibi, mpole lakini si mjinga. Walikaa mtaa wa Baba Dogo, chumba kimoja, mlango mmoja, pazia katikati. Mungu alikuwa bado hajawajalia mtoto. Mama yake Nasike alikaa Kaloleni, na mara kwa mara alikuja na mboga zake za mnavu kumtazama bintiye. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na mkwe hatamki jina la mama huyo, ndiyo sababu hata mimi silitaji hapa. Nyumbani kuna boma pana, huyu anapita huku na yule kule. Baba Dogo utapita wapi?

Basi walijitengenezea mpango. Mama akiwamo ndani, Nasike anaanika leso nyekundu kwenye kamba iliyo mlangoni. Patrobas akitoka kazini akaiona, anakohoa, anapita moja kwa moja mpaka kwa jirani Everline, mama Ryan, anakaa huko mpaka mama mkwe aondoke. Mpango ule uliwafaa sana. Ila hakuna aliyefikiria siku ya mvua leso itaanikwa wapi.

Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi. Soko lilikuwa tupu, na Patrobas, badala ya kurudi nyumbani mapema, akapitia kwa muuza pombe ya busaa. Alipofika mlangoni kamba ilikuwa wazi, leso hakuna. Akasukuma mlango akaingia, akajikuta ana kwa ana na mama mkwe, magoti kwa magoti, mama anachambua mboga. Mama alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Nasike akamsihi mumewe kwa sauti ya chini atoke nje kidogo tu, mama apite.

Mtu mwenye akili zake angetoka. Lakini ile busaa ilikuwa na maneno yake. Asimame mvuani, nje ya nyumba anayoilipia yeye? Akauona mkoba wa mama mkwe juu ya kitanda, mkoba mweusi wa kwendea kanisani, akaunyakua na kuurusha nje. Ukapiga jiwe la mtaro. Yeye mwenyewe, fundi wa vyuma, alisikia kifungio kikivunjika, na mlio ule ulimtoa ulevi wote.

Mama mkwe aliinuka. Alitoka, akauokota mkoba kwenye matope, akaukumbatia kifuani akaenda zake na mvua. Kesho yake Nasike alifunga nguo zake akamfuata. Aliiacha leso nyekundu juu ya sanduku, imekunjwa.

Patrobas alikimbilia kwa Mzee Kweyu, mdogo wa marehemu baba yake, aliyekuwa mlinzi kwenye ghala moja Industrial Area. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mkono mtupu haurambwi," alimwambia. "Umevunja mkoba, peleka mkoba. Ukimwona ameubeba mbele za watu, jua amekusamehe, twende tukamchukue mkeo. Asipoubeba, usinipeleke mimi huko nikaaibike."

Maneno hayo Patrobas aliyapokea kama amri. Akachagua ngozi laini ya rangi ya kahawa. Akamwomba Mativo kifungio ambacho mzee alikuwa amekificha kwa miaka, cha shaba nzito iliyochovywa rangi ya dhahabu, kilichotoka kwenye mkoba wa bibi mmoja wa Kizungu wa zamani. Mativo alinung'unika, kisha akakitoa, maana alikuwa amechoka kumwona kijana wake akikosea mishono. Patrobas alikivika fulana tabaka juu ya tabaka wakati wa kushona. Mwisho akakipaka rangi ya kucha, ikakauka, akapaka tena, na tena. Ulipokamilika, wanawake wa vibanda vya pili walikuja kuuangalia, na mmoja, Mukai, akamuuliza ni wa bibi harusi gani.

Everline ndiye aliyeupeleka, kwa kuwa alisali kanisa moja na mama yule huko Kaloleni. Na hapo ndipo Patrobas alipokosea kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko lile la kwanza. Hakumtuma Everline aseme, "Nisamehe." Aliona haya. Akatuma maagizo. Mama aambiwe kifungio hiki hakitaki jasho la mkono. Hakitaki kunyeshewa. Hakitaki manukato wala mafuta ya kujipaka. Kisikae na funguo wala sarafu, mkoba usitundikwe msumarini, usiwekwe sakafuni, usisuguane na viti vya kanisa. Kipanguswe kwa kitambaa kikavu cha pamba. Alimrudisha Everline mlangoni akamtaka ayarudie yote. Kwake yeye hayo yalikuwa ndiyo mapenzi, hakuwa na lugha nyingine. Kuhusu nailoni hakusema kitu. Kila fundi wa Kariokor anajua nailoni hutoa jasho, na mtu husahau kusema lile analolijua sana.

Mativo aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Maagizo yote haya," alisema, "huyo mama ataubeba saa ngapi?" Patrobas naye akacheka. Everline alirudi na habari njema: mama aliupokea kwa mikono miwili, akaupakata muda mrefu, akaomba aambiwe maagizo tena polepole. Zaidi ya hapo hakunena.

Jumapili iliyofuata Patrobas alivaa shati safi akaenda Kaloleni. Alikaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, ameupa mlango wa kanisa ubavu, maana uso wa mama mkwe hautazamwi. Alitaka kuona mkono tu. Watu walipotoka aliuona. Ulikuwa umeshika ule mkoba mweusi wa zamani, kifungio kilichovunjika kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Alirudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Mpira wa tyubu. Pasaka, mpira wa tyubu. Krismasi, kanisa zima limevaa mapya, mama yule anatoka na mpira wake wa tyubu, na kila aliyemwona, Patrobas aliwaza, anauliza umevunjwa na nani.

Iliuma, tusidanganyane. Alijiambia mama huyu anambebea dhambi yake mkononi mji wote uione. Mzee Kweyu akasema ngoja, wanawake watu wazima hawasamehi haraka. Akangoja. Busaa aliiacha kabisa, lakini nani alikuwa anahesabu wema wake? Nasike hakuweza kurudi mwenyewe, maana mke aliyekwenda kwao hufuatwa na wazee. Everline naye alifungasha watoto wake akarudi Busia, na njia ya maneno ikafungwa. Ukafika wakati Patrobas akaacha kwenda Kaloleni, akawa anafanya kazi hata Jumapili. Kimya kikatanda, huku kimya na kule kimya.

Ikaja mvua ile kubwa ya mwaka wa tisini na saba, iliyonyesha mpaka watu wakasahau jua. Kuta ziliota ukungu, nguo hazikukauka, na pale sokoni mafundi walishinda wakipangusa ngozi. Ilipokatika, mwanzoni mwa mwaka mpya, asubuhi moja Patrobas aliinua macho akamwona Nasike amesimama mbele ya meza yake. Kichwa amenyoa. Alijua maana ya kichwa kile kabla hajaambiwa, lakini aliuliza.

"Mama," alisema Nasike. "Tumeshamzika, nyumbani."

Mkwe mzima, mama mkwe amezikwa, naye hakutupa hata udongo. Hakuwa na wa kumlaumu. Nasike alivuta kigoda akakaa, akaweka kifurushi mezani akaanza kukifungua. Karatasi ya nailoni, ndani yake nailoni nyingine, ndani yake tena nailoni, kisha kitambaa cha kichwa cha mama, kisha mkoba. Harufu ya uozo ilimfikia hata Mativo kwenye kona yake. Ngozi ya kahawa ilikuwa imevimba na kuota ukungu mweupe. Kifungio cha dhahabu kilikuwa kijani, na ukijani ule ulikuwa umechuruzika kwenye ngozi. Ndani palikuwa patupu, haukuwahi kuwekwa hata kitambaa cha jasho.

Nasike alieleza bila kumtazama. "Aliufunga kwa nailoni siku ile ile mkoba ulipofika. Alisema mkwe ameagiza chuma kisiguswe na jasho, kisinyeshewe, kisikwaruzwe. Akasema ataubeba siku moja tu, siku utakayokuja kunichukua, ili uone ameuheshimu. Kila mvua ikinyesha aliongeza nailoni."

Patrobas alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nangoja niuone mkononi mwake kwanza."

Kibanda cha jirani mtu alikuwa anagonga soli ya viatu vya akala, hakuacha kugonga. Mwishowe Patrobas akauliza kuhusu yeye, Nasike, kama naye alikuwa akingoja.

"Mimi nilichoka mwaka juzi," alisema. "Mama ndiye aliyekataa kuchoka."

Alitaka mkoba usafishwe, hicho tu ndicho kilichomleta. Kesho alikuwa anasafiri kurudi nyumbani kukaa huko. Patrobas akachukua jivu laini na ndimu, kazi aliyoweza kuifanya akiwa amefumba macho. Alisugua ukijani, akasugua, na ulipotoka ulitoka na dhahabu yake. Chini palibaki chuma kitupu chenye mabaka, kama ngozi iliyoungua. Mativo alinyoosha mkono akamshika kifundo aache. Kisha mzee akarudi kwenye kona yake.

Nasike aliuchukua mkoba akaupangusa kwa kitambaa cha mama yake. Ndipo Patrobas aliposema, haraka haraka kama mtu anayekimbizwa, kwamba yeye na Mzee Kweyu watakuja, watakuja Kaloleni kesho asubuhi kabla hajasafiri, watakuja hata kule nyumbani, waje lini?

"Mje kwa nani, Patrobas?" alisema Nasike, wala hakusema kwa hasira. "Aliyekuwa akikungoja tumemzika."

Akasimama. Akatia ndani ya mkoba funguo zake, sarafu zake na kichupa chake cha mafuta, vyote pamoja, kifungio kikalia kilipojifunga, akautia begani. Patrobas alimwangalia akipita kati ya vibanda, jua likimpiga, mpaka alipotokea upande wa barabara. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoona mkoba ule umebebwa. Ulimkaa vizuri.