Kamba Kwenye Sahani ya Baba Esta

Nilimlisha Baba Esta kamba, yeye mzee wa kanisa la Wasabato kutoka Simbo, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kuonja kiumbe wa majini asiye na magamba na mapezi, na akanishukuru mbele ya wazee wenzake wawili. Hata sasa nikisimulia natazama chini.

Nilitaka kumwoa Esta, na baba yake alisema hatazungumza habari ya posa kabla hajaona kijana anaishije. Basi Jumapili moja akaja kwangu Ujiji na wale wazee wawili. Esta alinionya mapema: "Nguruwe hapana, kambare hapana. Kaanga mboga zako tu, usonge ugali." Mboga zangu nazijua: karoti, hoho, kabichi, tangawizi na kitunguu saumu, moto mkali, dakika tano umemaliza. Lakini kwenye friji ya jirani yangu Mama Shabani (mimi mwalimu wa msingi, friji sina) kulikuwa na kamba aliowaleta binamu yangu kutoka Dar, nikaona mboga tupu zitanionyesha fukara, nikajiambia, kamba Esta hakuwataja. Nikawamenya, nikawatupia kikaangoni, wakajikunja, wakawa wekundu, nikajiona mpishi wa hoteli.

Mezani Baba Esta akaokota mmoja. "Huyu samaki gani, baba?"

"Wa baharini, mzee."

"Ana magamba?"

Hapo njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa, nami nikaifunga mwenyewe: "Anayo, mzee. Nimeyapara asubuhi."

"Mungu akubariki." Akala, akaongezwa.

Mzee mmoja akatania, "Sisi tulioa tupikiwe, huyu anaoa apike! Esta atanenepa mpaka apite mlangoni kwa ubavu." Wakacheka. Baba Esta akafurahi, akampigia simu mkewe, akaweka sauti ya juu, akaniagiza nimweleze mama upishi wangu, maana makambi ya kanisa yamekaribia na akina mama watalisha watu wengi. Nikaeleza, jasho linanitoka, kila nikifika kwa kamba nasema "yule samaki".

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu Mama Shabani alipochungulia mlangoni, amefuata kikaango chake.

"Shikamooni wazee! Mwalimu, kamba wako wamenukia mpaka kwangu, hukuniachia hata wawili?"

Kwenye simu mama akauliza, "Kamba?"

Baba Esta akarudisha tonge sahanini, akanitazama, akasema taratibu, "Kijana, ungesema ni kamba ningekula kabichi yangu, nikashukuru. Mimi nilikuuliza." Akaomba maji, akanawa, akatoka, wenzake nyuma yake, na Mama Shabani (maskini, hakuwa na kosa) akabaki ananiuliza kasema nini kibaya.

Siku hizi mgeni akiuliza kilichomo chunguni namtajia hadi chumvi.

Nimekwenda Simbo mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza niliambiwa mzee yuko shambani. Mara ya pili alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza habari za shule na mvua, kisha akanisindikiza hadi barabarani. Kuhusu Esta hakutamka neno, na mimi sikuthubutu kuuliza.