Mratibu wa Nchi Kavu

Nilifundisha jiografia kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo nilichora bahari ubaoni bila kuwahi kupanda boti. Niliwaeleza watoto wa Arusha habari za pepo za kusi na kaskazi, maji kupwa na maji kujaa, wakanukuu na kufaulu mitihani. Bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara mbili tu, zote kwenye semina Dar es Salaam, kupitia dirisha la ukumbi. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia amenunua boti ya matanga, mimi sikucheka kama wengine.

Huyu shemeji ni mume wa mdogo wangu. Wanaishi Kikwe, lakini gereji yake iko Kisongo, ambako anatengeneza magari ya kupeleka wageni mbugani. Mteja wake mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni Kilwa alifunga biashara, akamuuzia boti yake ya futi thelathini. Ilikuwa na mlingoti mmoja na injini ndogo ya kusaidia upepo ukikata. Shemeji alikuwa ameshajifunza kuiendesha likizo tatu mfululizo. Sasa alitaka kuitoa Kilwa kuileta Tanga, ambako angeweza kuifikia kwa safari ya siku moja. Zingekuwa wiki mbili za mwezi Juni, kusi ikiwasukuma kwa nyuma. Alihitaji watu wanne wa kujitolea: chakula kipo, malipo hakuna.

"Wewe unajulikana, shemeji," aliniambia. "Nusu ya mji huu umeifundisha. Nitafutie watu watatu."

"Si umesema wanne?"

"Wa nne ni wewe. Au unaogopa?"

Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, nimestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa wa koo, mume wangu amefariki, watoto wako kwao. Siku hiyo nilirudi nyumbani Elerai nikatoa ramani yangu ya zamani ya Afrika Mashariki, nikafuata pwani kwa kidole kutoka Kilwa hadi Tanga.

Nilianzia kanisani. Mwinjilisti alisoma tangazo langu baada ya yale ya umoja wa wanawake, watu wakacheka mpaka akalazimika kusubiri. Nje, baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, posho ni kiasi gani?"

"Hakuna posho. Ni kujitolea."

"Sasa kujitolea bila posho ni kujitolea gani?"

Mzee mwingine akaongeza kwamba sisi Wameru maji yetu yanatoka mlimani, ya nini kuyafuata yanakoishia. Nikacheka nao. Nikafungua kundi la WhatsApp, na wiki ya kwanza wakajiunga watu zaidi ya thelathini. Kila mmoja aliandika "tupo pamoja". Nikatuma ujumbe kwamba kila anayekwenda apimwe afya na ajue kuogelea. Kundi likanyamaza siku mbili, kisha wakaanza kujiondoa mmoja mmoja, hata kuaga hawaagi.

Waliobaki kweli walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwongoza wageni mlimani, kijana mtulivu asiyebabaishwa na baridi wala njaa. Wa pili alikuwa mwalimu wa fizikia niliyefanya naye kazi, aliyetaka kuona kwa macho yake jinsi tanga linavyoweza kuivuta boti kuelekea upepo unakotoka. Ilibaki nafasi moja.

Jumamosi moja mchana alikuja nyumbani msichana ambaye pia nilimfundisha. Wazazi wake ni wakulima wa kahawa na migomba huko juu mlimani, na yeye ni mpagazi, anabeba mizigo ya wageni Mlima Meru na Kilimanjaro.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Aliketi ukingoni mwa kiti. Alisema amesikia natafuta watu. Kuogelea alijifunza Mwanza alipokuwa chuoni. Kamba anazijua, mizigo anaijua, kulala pabaya ameshazoea. Nilitazama mikono yake na nikajua kabisa kwamba ni huyu. Kisha nikamwambia, "Kule ni wanaume watupu, mwanangu. Mtalala mmebanana. Watu watasemaje?"

"Lakini si na wewe unakwenda, Mwalimu?"

"Mimi ni mtu mzima."

Alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka. Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa namlinda, na kwa muda mrefu nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mwanamke peke yangu kwenye ile boti. Nilitaka kanisa zima liseme mwalimu mstaafu, mjane, amekwenda baharini. Msichana wa miaka ishirini na minne anayeogelea kuliko mimi angeiharibu hadithi yangu. Wiki ile ile nikaenda kumbembeleza mwimbaji mmoja wa kwaya, fundi umeme, mpaka akakubali. Yeye hakuwa ameomba.

Mimi nilijifunza kuogelea mwezi Mei, kwenye bwawa la hoteli moja, pamoja na watoto wa shule ya msingi. Anayejua Mei ya Arusha anajua maji yale yalikuwaje. Nilikuwa naingia nikitetemeka meno, watoto wananipita kama samaki huku mwalimu wetu akipaza sauti, "Mama, piga miguu! Mama, usisimame!" Nilikunywa maji mengi kuliko niliyoogelea. Lakini mwisho wa mwezi nilivuka bwawa kwa urefu wake bila kushika ukingo, na nilipotoka nililia kidogo nyuma ya taulo.

Kila Jumamosi tulikutana gereji. Shemeji alikuwa ameichora boti kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kwa ukubwa wake halisi, juu ya madoa ya oili. Hapa usukani, hapa mlingoti, hapa mahali pa kulala. Kila mtu alipangiwa pake. Mimi nilipewa kamba ya tanga la mbele. Shemeji akisema "geuza", mwongoza wageni anazungusha usukani wa hewani, mimi nafungua kamba upande mmoja na kuikaza upande wa pili, huku ndege ndogo zikitua uwanja wa ndege wa jirani na vumbi la Kisongo likitupiga usoni. Mafundi wake walikuwa wanatucheka. Mimi sikujali. Nilikuwa naijua kazi yangu kuliko mwimbaji, ambaye kila mara alikanyaga nje ya chaki na kuzama.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, shemeji alileta jaketi za kuelea. Aligawa moja kwa mwongoza wageni, moja kwa mwalimu wa fizikia, moja kwa mwimbaji. Ya nne akampa fundi wake wa gereji, mwanamume ambaye hakuwahi kuingia kwenye ile chaki hata siku moja. Ya tano akaivaa mwenyewe.

Nilidhani ni utani. "Yangu iko wapi?"

"Shemeji, wewe tumekupa kazi kubwa zaidi," alisema. "Utakuwa mratibu wa nchi kavu."

"Anafanya nini huyo mratibu?"

"Anapokea simu. Kila siku saa sita mchana tunakupigia, tunakwambia tulipo. Tukikosekana siku nzima, unaita msaada. Bila wewe hatuwezi kuondoka."

Wale wanaume wanne walikuwa wanahangaika na vifungo vya jaketi zao. Hakuna aliyeinua uso, hata niliyemfundisha kusoma ramani.

"Nimekosea nini?" nikauliza.

Shemeji alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Muulize mdogo wako," akasema.

Nilifika Kikwe alasiri ile ile. Mdogo wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hakuonekana kushangaa kuniona, kwa hiyo nilijua ameshapigiwa simu.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Niambie."

Akahamia Kimeru, kama afanyavyo asipotaka maneno yavuke uzio. Alisema boti ni ndogo, choo chake ni pazia. Alisema wiki mbili ni nyingi. Alisema kuna wanawake kanisani wameshamuuliza, kwa kicheko, kama dada yake mjane anakwenda kuvua samaki au kuvua mume.

"Wewe ukawajibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Mimi ni dada yako. Nilikubeba mgongoni."

"Ndiyo. Na yeye ni mume wangu," alisema. "Watu watasemaje?"

Nilisimama pale na majani yamenifika magotini. Ni maneno yangu yale yale niliyompa yule msichana pamoja na kikombe cha chai. Sikuweza hata kukasirika vizuri. Niligeuka nikaondoka bila kumuaga.

Kesho yake nilimpigia yule msichana. Nilitaka kumwambia aende gereji, adai nafasi, mimi nitamtetea. Alikuwa anajiandaa kupanda mlima na wageni.

"Nilikukosea," nikamwambia.

"Hakuna shida, Mwalimu. Tumeshazoea."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, kisha akaniomba radhi kwamba anaitwa, akakata.

Wakaondoka. Siku nne za kwanza nilifanya kazi yangu kama karani. Saa sita simu inalia, shemeji anataja mahali, mimi naandika kwenye daftari na kumjulisha mdogo wangu kwa ujumbe mfupi usio na salamu. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanaume wakicheka na tanga likipiga. Siku ya nne mwimbaji alichukua simu akaniambia, "Mwalimu, huwezi kuamini, jana nimeshika usukani saa mbili nzima!" Nikamwambia hongera.

Siku ya tano, asubuhi, nilizima simu. Nikatoa mablanketi yote ndani ya nyumba nikayafua kwa mikono, moja baada ya jingine, mpaka saa sita ikapita na jioni ikafika. Sikuiwasha.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alikuwa getini.

"Simu yako haipatikani."

"Niliizima."

"Umeizima?" Alishika geti. "Jana walikwama kwenye mchanga karibu na Rufiji. Tangu asubuhi hadi jioni boti imelala ubavu. Wamekupigia mara ngapi sijui. Mwisho akanitafuta mimi, na mimi nimjue nani wa kumwita? Nilikuwa napiga magoti tu."

"Wako wapi sasa?"

"Maji yalijaa, wavuvi wakawavuta. Wako salama, lakini si kwa sababu yako. Ulitaka mume wangu afe?"

"Hapana."

"Sasa ulitaka nini?"

Nilitaka wanihitaji, wanikose. Nilitaka kwa siku moja wapige na wasipokewe. Jambo kama hilo huwezi kumwambia mtu aliyeshika geti lako kwa mikono miwili. Mablanketi yalikuwa bado yananing'inia kwenye kamba, hayakuwa yamekauka, maana jua halikutoka.

Walifika Tanga wiki iliyofuata. Jumapili yao ya kwanza nyumbani walitoa shukrani kanisani kwetu, wamevaa mashati meupe, wamebabuka pua. Shemeji alimshukuru Mungu, akawashukuru wavuvi wa Rufiji, akamshukuru mke wake kwa maombi. Mwinjilisti, ambaye hakujua lolote, akauliza, "Na yule aliyewakusanya?" Shemeji akarekebisha kola ya shati lake. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyesema, "Na Mwalimu, ndiyo, alitusaidia na mambo ya simu." Watu wakapiga makofi. Nami nikainuka nusu, kama inavyotakiwa, nikaketi.

Mimi na mdogo wangu hatujagombana tena. Tunakutana kwenye misiba na vipaimara, tunakaa benchi moja, tunaulizana habari za watoto na za ng'ombe. Akiniletea maziwa namrudishia chombo kikiwa na ndizi ndani, kama tulivyofundishwa na mama. Mwezi uliopita aliniuliza, akitazama pembeni, kama ningependa siku moja twende wote Tanga, mimi na yeye, nikaione tu ile boti. Nikamwambia magoti yananisumbua.

Magoti yangu ni mazima. Bwawani huwa naenda bado, Jumanne na Ijumaa, kabla watoto hawajafika.