Plasta za Tumbo Nilizowapa Vifaranga

Nilimwibia mtoto wangu wa kuzaa. Sikumwibia pesa wala nguo. Nilimwibia joto la tumbo lake nikawapa kuku. Najua mtacheka, na mcheke tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku yenyewe sikucheka, na aliyeumia alikuwa yeye.

Mimi ni mama wa hapa Molo, nimesoma hadi darasa la saba. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka jana, 2007. Si mtu wa kulia mbele za watu. Wakati wa matanga wengine walisema huyu mama ana roho ngumu. Roho haikuwa ngumu. Nilikuwa nikilia nikienda kuwapa kuku maji.

Nasema kuku kama walikuwa wengi. Alikuwa mmoja, mwekundu, shingo haina manyoya. Marehemu alimnunua kabla ya kuanza kuugua, akamleta nyumbani ndani ya koti, akaniambia, "Mama Purity, huyu atatujazia boma." Mzee akaenda, kuku akabaki. Nikimwona anachakura pale nyuma ya jikoni, ilikuwa kama mwenyewe ametoka tu kidogo na atarudi.

Purity ni msichana wetu, ingawa hilo si jina lake la kweli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Hedhi yake ilikuwa inamtesa tangu akiwa shuleni. Alikuwa anajikunja kitandani, anatapika, hata chai hawezi kunywa, na masomo ya siku hizo yanampita. Mimi nilikuwa namwambia avumilie, kwamba sisi tulichimba viazi tumbo likiuma hivyo hivyo. Hilo nalo ni kosa, lihesabuni pamoja na haya mengine.

Alipomaliza shule alipata kazi ya muda katika duka la vitambaa kule Nakuru, duka la familia ya Wahindi. Mke wa mwenye duka, tunayemwita Mama Hina, alimkuta siku moja amelalia robota la kitambaa huku ameshika tumbo. Hakumfokea. Alipanda juu kwake akarudi na pakiti ya plasta ambazo binti yake humtumia kutoka ng'ambo.

Purity alikuja kunionyesha kwa furaha kama ameleta keki. Si plasta ya kidonda. Ni kitu kipana, kizito kidogo, kama kimetiwa mchanga ndani. Unafungua karatasi yake, unakibandika juu ya nguo ya ndani upande wa tumbo, si kwa ngozi, kwa sababu ngozi inaweza kuungua. Kikipata hewa kinapata moto chenyewe. Hakuna stima wala makaa, na joto linakaa kutwa nzima.

Nilidhani ni mambo ya Wahindi tu. Lakini mwezi uliofuata alibandika moja, na siku hiyo alifua nguo zote za nyumba huku akiimba. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia kama mgeni.

Zilizobaki hakuzigusa tena. Alikuwa ameitwa kwa mahojiano ya chuo cha wauguzi Nakuru mwezi wa saba, na alipopiga hesabu akaona siku ile ingeangukia siku zake mbaya. Akaniambia, "Mama, hizi ni za intavyu. Nikienda bila hizi nitatapikia hao watu mezani." Kwa hivyo siwezi kusema sikujua. Nilijua.

Sasa, mwezi wa saba Molo mnaujua. Ni ukungu asubuhi, mvua mchana, na upepo unaopita katikati ya mbao za ukuta. Katika baridi hiyo kuku wa marehemu akaangua vifaranga. Nilifurahi mpaka nikawaambia watu kanisani. Kabla wiki haijaisha, mbwa wa jirani akamkamata yule mama kuku, na vifaranga wakabaki wanalia kwenye katoni chumbani mwangu.

Makaa yalikuwa yamenyeshewa. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Ningeweza kwenda kwa jirani kuazima, hata kama ni yule mwenye mbwa, lakini kulikuwa na matope na mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Nikaona kifaranga mmoja amelala ubavu, amefumba macho. Nikaenda nikachukua plasta moja.

Niliibandika chini ya katoni nikaifunika na kitambaa. Jamani, wale vifaranga walijipanga juu yake kama wamepata mama. Kimya kabisa. Nikajiambia ni moja tu.

Kesho yake ilikuwa imepoa na kuwa ngumu kama kipande cha tofali. Nikachukua ya pili. Purity alikuwa shambani kwa watu akivuna viazi, maana kazi ya Nakuru ilikuwa imekwisha, na aliporudi jioni aliuliza, "Mama, mbona hawa wametulia hivi?" Nikamwambia nimewatandikia shati la marehemu baba yake. Akaguswa na maneno hayo. Huo uongo ndio unaonichoma kuliko wizi wenyewe.

Niliendelea hivyo mpaka pakiti ikaisha. Kisha nikaikunja vizuri, lile ganda tupu, nikairudisha mahali pake chini ya nguo zake. Nilikuwa naomba Mungu acheleweshe siku zake. Mtu mzima kabisa naomba hivyo.

Hazikuchelewa. Asubuhi ya mahojiano nilimkuta amekaa chini jikoni na lile ganda mkononi, uso umekwajuka.

"Mama, ziko wapi?"

Nilitaka kusema panya. Nikashindwa. Nikamwambia, "Niliwapa vifaranga."

"Uliwapa vipi?"

"Niliwabandikia chini ya katoni. Walikuwa wanakufa na baridi. Wale ni kuku wa baba yako, Purity."

Hakupaza sauti. Akasema, "Mama, hata mimi ni wa Baba."

Nimezika mume na sikuumia kama nilivyoumia pale, kwa sababu kifo hakikuwa kosa langu.

Nikachemsha maji haraka nikamimina kwenye chupa ya plastiki ya soda. Chupa ikajikunja ikawa fupi, maji yakamwagika miguuni mwangu. Purity akaanza kucheka huku amejishika tumbo, akisema, "Usinichekeshe, inauma." Nikaona afadhali, angalau anaongea na mimi.

Nikatoka mbio barabarani. Jirani yetu Baba Shiru, anayebeba viazi kwenda Nakuru, alikuwa anapasha lori lake moto. Nikamwomba atuchukue.

"Mathe, leo siwezi. Niko na mzigo mpaka juu."

"Mtoto ana intavyu na anaumwa na tumbo."

"Tumbo ya nini? Apelekwe hospitali."

"Tumbo ya wasichana."

Akafungua mlango. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo. Mlete akae hapa katikati, juu ya injini. Bibi yangu akiwa hivyo hapa ndio kiti chake. Hata tukifika hataki kushuka."

Wale mnaojua malori ya zamani mnajua injini inakaa katikati ya dereva na abiria, imefunikwa na bati, na bati hilo huwa na moto kweli. Tukalitandika blanketi, Purity akalilalia kwa tumbo. Mpaka Njoro rangi ilikuwa imemrudia.

"Baba Shiru, unaenda polepole. Tutachelewa," nikamwambia.

"Mama Purity, wewe endesha kuku, mimi niache na gari." Purity alikuwa ameshamwambia kila kitu. "Nikiendesha na gia ndogo inachemka vizuri. Daktari, imeiva?"

"Imeiva," Purity akajibu kutoka chini ya blanketi.

Tulifika kwa wakati, lakini lori haliingii chuoni. Purity alikaa kwenye benchi na wenzake wakisubiri kuitwa, na baada ya muda mfupi nikamwona anaanza kuinama tena. Nikamwambia asiondoke hapo. Nikakimbia kwa Mama Hina.

Alinisikiliza akiwa ameshika mkasi. "Pakiti yote imekwisha? Ametumia yeye yote?"

Pale ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo. "Hapana. Niliwapa vifaranga."

"Vifaranga ya kuku?"

"Ya kuku."

"Wamepona?"

"Wote."

Alishika meza akacheka mpaka mumewe akatoka nyuma kuuliza nani amekuja. Akamweleza kwa lugha yao, na mzee naye akacheka, akaniletea kiti. Mimi nilikuwa natamani sakafu inimeze.

Plasta hakuwa nazo nyingine. Lakini alienda nyuma wanapopikia chai, akakaanga chumvi kwenye sufuria kavu mpaka ikawa moto sana, akakata kitambaa kizuri kutoka kwenye robota, akaimimina ndani na kufunga fundo. Akaniambia, "Weka juu ya nguo, usiweke kwa ngozi. Na mama, hii usipe kuku."

Nilimkuta Purity amebakiza mtu mmoja mbele yake. Aliupitisha ule mfuko chini ya sweta, akafumba macho, akavuta pumzi. Walipomwita alisimama wima, akaingia. Mimi nilibaki nje sijui niombe nini.

Alikaa muda mrefu kuliko wenzake. Alipotoka aliniambia walimuuliza anashika nini tumboni, akawaambia ukweli, na mmoja wa wale akina mama akataka kujua chumvi inapashwa vipi. Hatukujua kama hiyo ni nzuri au ni mbaya. Mwezi wa tisa aliitwa kuanza masomo.

Wale kuku hawako tena. Mwanzoni mwa mwaka huu tulipokimbia Molo kama watu wengi kwa sababu ya vita vya baada ya uchaguzi, niliacha boma wazi, na niliporudi hapakuwa na hata unyoya. Aliyewala na ashibe. Wakati huo wote nilikuwa nalala sakafuni kwa jamaa, na kitu kimoja tu kilinituliza, kwamba mtoto wa mzee yuko salama chuoni na anasoma.

Nawaambia akina mama wenzangu, na akina baba pia. Mtoto akikwambia inamuuma, usimpimie na maumivu yako ya zamani. Akijiwekea kitu cha kumsaidia, hata kama wewe unakiona ni kidude tu, hiyo ni dawa ya mtu, usiiguse. Na ukiwa umeigusa, sema siku hiyo hiyo, usingoje akute ganda tupu.

Likizo iliyopita Mama Hina alinipa pakiti nyingine nimpelekee Purity. Nilimkabidhi bila kuifungua, hata kona. Akanikumbatia, akasema asante Mama. Kisha akaiweka ndani ya sanduku lake, akafunga kufuli, akautia ufunguo mfukoni.

Hata mimi ningefunga.