Majogoo kumi na wawili na mtetea mmoja

Saa mbili na robo asubuhi, Arlen Tjaden anasimamisha gari katikati ya barabara ya changarawe, kaskazini mwa Iowa, ingawa hapo hapana sanduku la barua. Amekaa kiti cha kulia, kile cha abiria, mkono wa kushoto umeshika usukani, mguu wa kushoto umenyooshwa hadi kwenye breki, kama wanavyokaa wasambaza barua wa vijijini ili wayafikie masanduku ya kando ya barabara. Mbele yake jogoo wa fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, anadonoa changarawe, utepe mweupe shingoni, mkia mrefu nyuma.

"Huyo ni wa kwa akina Ubben," anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ndege atamsikia. "Kila asubuhi anavuka hapa. Mwaka huu wako watatu tu kwenye njia yangu yote. Kilomita mia moja na arobaini, majogoo watatu."

Anasubiri mpaka ndege amalize kuvuka, ndipo anaondoka.

Arlen ana miaka 58, na 26 kati ya hiyo ameimaliza akigawa barua kwenye masanduku 400. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, kila Jumamosi hutembea kando ya kijito nyuma ya nyumba yake, yeye na mbwa wake jike, Juno. Kwa miaka sita wamerudi na majogoo tisa. Mkewe, Marlys, husema buti alizomaliza ni nyingi kuliko ndege.

Aliyemtania zaidi ni shemeji yake, Verlyn, kaka wa Marlys. "Shemeji, wewe huwindi, unatembeza mbwa," alimwambia. "Twende Dakota Kusini ukaone ndege."

Mwezi uliopita, Oktoba, alikubali. Walikuwa wanaume wanne, mwendo wa saa sita kwa gari. Kibali na malazi vilikula zaidi ya mshahara wake wa wiki nzima.

Na kweli aliona ndege. Kwenye ukingo wa shamba la kwanza la mahindi waliruka kama arobaini kwa mpigo, mbawa zikivuma mpaka Juno akarudi nyuma hatua mbili.

Sheria ni moja, kule na hapa: jogoo apigwe, mtetea aachwe, maana mtetea ndiye atakayetaga ndege wa mwakani. Ndiyo maana anayemwona ndege kwanza hupaza sauti, "Jogoo!" au "Mtetea!", ili wenzake wajue.

"Jua lilikuwa machoni," Arlen anasema. "Nilishapiga wawili, nikataka wa tatu nitimize idadi yangu ya siku. Nikafyatua. Aliyeanguka alikuwa wa kahawia, mtetea."

Hakuna aliyemwona akianguka. Alimsukuma yule mtetea kwa buti ndani ya shimo la mnyama, akafunika kwa majani, kisha akaendelea kuwinda mpaka akampata jogoo wake wa tatu.

Mchana walipanga ndege nyuma ya gari: majogoo kumi na wawili. Wakiwa wanapiga picha, Juno akatokea majanini akiwa na udongo puani. Alikuwa amembeba mtetea mdomoni, taratibu, bila kumbana. Akamweka kwenye kiganja cha bwana wake, akakaa chini kama alivyofundishwa, mkia ukipiga nyasi.

"Arlen," Verlyn aliuliza, "hii nini?"

"Kamkamata mwenyewe," Arlen alijibu. "Alikuwa amejibanza majanini."

Kicheko kilichofuata bado anakisikia. "Mbwa mzima kageuka mbweha!" Hakuna aliyempapasa ndege kutafuta risasi.

Kwa wawindaji wa huku, mbwa anayeua ndege huitwa wa mdomo mgumu, na mdomo mgumu unasemekana hurithiwa. Juno alikuwa apandishwe Januari. Familia nne zilikuwa zimeshaomba watoto wake. Zote nne zimejitoa, Verlyn wa kwanza.

Jioni moja Marlys alichukua yai bichi, akampa Juno alibebe kutoka mlangoni hadi mezani. Juno alilitua sakafuni bila ufa. Marlys alilirudisha kwenye friji, akamtazama mumewe.

Anatia barua kwenye masanduku mawili. Kisha Arlen anasema, macho yakiwa barabarani:

"Hapana. Jua halikuwa machoni, lilikuwa mgongoni. Verlyn alisema 'Mtetea!' Nilimsikia vizuri kabisa."

Anafuta kioo ambacho hakina ukungu.

"Watu wananiuliza, ni afadhali kule au hapa? Kule ndege ni wengi, hilo sidanganyi. Lakini katika ule wingi sikumwona ndege hata mmoja, niliona idadi. Hapa wako watatu. Nikimkosea mmoja, nitakutana naye kesho saa mbili."

Kwenye sanduku la akina Ubben, Bi Hazel, mjane wa miaka 81, anasubiri amevaa koti la marehemu mumewe. Mkononi ana biskuti ya mbwa.

"Mpe yule mwizi wetu," anasema akicheka. "Mwambie kwangu asikanyage, nina kuku."

Arlen haipokei. "Bi Hazel, yule mtetea nilimpiga mimi. Juno alimwokota tu."

Mama huyo anaishusha biskuti. "Na mwezi mzima umeniacha nimtukane mbwa wa watu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi biskuti kula wewe." Anamtilia biskuti mfukoni mwa shati, anachukua barua zake na kurudi ndani bila kuaga.

Arlen anaendesha polepole, shingo imemwiva. Leo jioni, anasema, atampigia simu afisa wa wanyamapori wa kule, na faini yoyote atailipa. Kisha atazipitia zile familia nne, mlango kwa mlango. "Wakimtaka mtoto wa Juno, sawa. Wasipomtaka, iwe kwa sababu yangu."

Sanduku linalofuata ni la Verlyn. Mwenyewe amesimama pale, mkono juu, tabasamu tayari.

"Vipi yule mbweha wako, shemeji?"

Kwa miaka 26 Arlen hajawahi kuzima gari mbele ya sanduku la mtu. Leo anazima.