Rilei ya Tisa

Siku mbili nzima rilei ya tisa ilimnunia Mama Bisibisi. Kumnunia yeye, fundi wa miaka ishirini!

Rilei, kwa asiyezijua, ni visanduku vya kulinda laini za umeme: laini ikipata hitilafu, rilei inaikata kabla moto haujashika. Kituo kile cha umeme kilikuwa na kumi, zimepangwa ndani ya makabati ya chuma, na nyaya mbili zilizosokotwa zilitoka kwenye hii zikaingia ile, hadi kwenye kompyuta. Kompyuta huita kila rilei kwa namba yake, nayo hujibu. Nane zilijibu bila taabu. Ya nne ilibwabwaja. Ya tisa, kimya.

Nyaya zote, kiungo kwa kiungo nyuma ya kila rilei, alizifunga shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mama Bisibisi ndiye aliyemtafutia kazi ile. Miezi yake mitatu ya majaribio iliisha siku hiyo ya pili, na injinia msimamizi wa kituo alishasema: mtambo ukikabidhiwa leo anaajiriwa, usipokabidhiwa aende zake.

"Shemeji, fungua tena kiungo cha tisa."

"Nimeshakifunga mara tatu, shemeji."

"Basi kifunge mara ya nne! Kwani mkono unauma?"

Akachuchumaa, akakifunga. Kimya. Kisha akasema polepole, "Lakini nikiichomoa ya tisa, ya nne inaongea vizuri kabisa."

"Si ndicho ninachokwambia! Kiungo chako kibovu kinavuruga mstari mzima."

Jamani! Mtu anapewa dawa mkononi, anaitupa.

Saa sita injinia akaingia, saa mkononi. "Tatizo nini?"

Joto, njaa, hasira. "Nyaya za huyu," Mama Bisibisi akasema. Maneno matatu tu, na ulimi hauna mfupa. Injinia akamwambia shemeji arudishe kitambulisho getini. Shemeji alipangusa koleo moja moja, akazipanga kwenye mkoba, akatoka.

Mama Bisibisi akabaki na kabati lake. Akakifungua kiungo cha tisa, akakifunga kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimwingia machoni. Kimya kile kile. Akavijaribu viungo vingine, akivuta waya mmoja mmoja kwa nguvu zote. Hakuna uliolegea. Kazi safi, hata yeye asingefunga vizuri vile. Hapo ndipo alipoanza kujishuku mwenyewe.

Akakaa kwenye kompyuta, akafungua mipangilio ya rilei ya tisa. Namba: nne.

Jumatatu, kwa haraka zake, alikuwa amenakili mipangilio yote ya rilei ya nne akaimwaga kwenye ya tisa, maana laini zao zinafanana, akasahau kubadilisha namba. Kompyuta ikiita nne, visanduku viwili vinajibu kwa pamoja, hasikiki huyu wala yule; ikiita tisa, hakuna wa kuitika. Nyani haoni kundule! Akaandika tisa. Rilei zote kumi zikajibu.

Akampigia injinia. "Kosa ni langu, si nyaya. Mrudishe shemeji."

"Zinaongea?"

"Zinaongea, lakini..."

"Basi. Barua yake ya kuachishwa imeshakwenda, na nafasi ameshapewa mwingine. Tusirefushe maneno."

"Nimekwambia kosa ni langu!" Simu ilikuwa imeshakatwa. Aliipiga tena, haikupokelewa. Akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aipeleke kwa nani zaidi ya nafsi yake.

Akatoka mbio hadi getini. Shemeji alikuwa bado kwenye benchi, akisubiri mlinzi amalize kukagua mkoba wake. Alipomwona akasimama.

"Imeongea?"

"Imeongea."

"Afadhali!" Uso ukamkunjuka, akafurahi kweli. "Kilikuwa kiungo kipi, shemeji? Nielekeze, nisije nikarudia kosa nikipata kazi kwingine."

"Hakuna," akasema Mama Bisibisi. "Vyote vilikuwa vizima. Mimi ndiye niliyekosea namba ya rilei. Nimemwambia injinia akurudishe, amekataa."

Shemeji alimtazama kidogo, kisha akaketi tena.