Mama Foleni Hafungi Dirisha

Saa mbili kasoro robo asubuhi, simu ya mezani inalia. Mama Foleni, mlinzi wa kompyuta za hospitali, haigusi. Macho yake yako kwenye skrini, kwenye mstari wa kijani unaopima maombi yanayoingia, ambao siku zote hulala chini kama paka aliyeshiba. Leo umesimama wima.

"Haya, wageni wamefika," anasema, akivuta kiti. "Hata hodi hawapigi!"

Wageni wenyewe ni maombi ya uongo, laki tatu kwa dakika, yanayomiminwa na kompyuta zilizotekwa huku na kule. Lengo ni mfumo wa hospitali uelemewe, mgonjwa wa kweli akose nafasi. Kupitia mfumo huo wagonjwa sitini na wawili wa figo hupata zamu kwenye mashine tisa za kusafisha damu. Kukosa zamu si jambo la mzaha.

Mambo ya foleni mama huyu anayajua. Kabla ya kusomea kompyuta akiwa na miaka thelathini na nne, alikaa miaka sita kwenye dirisha la mapokezi akigawa vipande vya kadibodi vyenye namba. Jina la utani lilitoka huko.

"Mgonjwa huuliza mara moja, akasubiri," anasema. "Mkorofi huuliza mara kumi, na jibu halisikilizi."

Lakini miezi miwili iliyopita alichemsha. Uvamizi wa kwanza ulipoingia, aliona maombi mengi yakitoka anwani moja, akaifunga, akajipongeza. Kumbe ilikuwa zahanati ya ng'ambo ya mto, ambako wagonjwa kumi na mmoja hutumia laini moja ya intaneti. Mmoja wao ni dada yake mkubwa.

"Alinipigia mwenyewe. Akaniambia, 'Mdogo wangu, mlango umenifungia wewe.' Nililia, sikufichi. Majambazi walitaka kufunga dirisha, mimi nikawasaidia kulisukuma."

Dada alipata mashine kesho yake, miguu imevimba, viatu havimwingii.

Wavamizi nao wakaandika: lipeni, la sivyo tutarudi. Mkurugenzi alikuwa tayari kulipa. Mama Foleni akaenda kusimama mbele ya meza yake.

"Nilimwambia, bosi, ukimlipa mbu asikuume, umeanza kufuga mbu."

Mkurugenzi akatoa sharti. Wakirudi na mfumo ukaanguka, atalipa, na yeye Mama Foleni atarudi dirishani kugawa kadibodi.

Mama Foleni hakukaa kusubiri. Aliorodhesha anwani za zahanati zote, zisifungwe kamwe. Akaisumbua kampuni ya intaneti mpaka ikakubali kuchuja mafuriko huko kwao, kabla hayajafika hospitalini. Namba ya mhandisi wao ameibandika ukutani. Anayeuliza kupita kiasi sasa husubirishwa. Na kila asubuhi zamu za siku tatu huchapwa kwenye karatasi. Vile vipande vya kadibodi bado vimo kwenye droo.

"Kompyuta zikizimika zote, mimi najua kuhesabu mpaka sitini na mbili," anasema, bila kutabasamu.

Ndiyo maana leo haigusi simu ya mezani; wa kwanza kupigiwa ni mhandisi. Anachukua ya mkononi. "Kaka, yamekuja. Washa chujio." Kisha anakaa, mikono mapajani, midomo ikisogea kimyakimya.

Dakika ya kumi na mbili mstari unaanza kushuka. Maombi ya kweli yanapenya, moja moja. Linatokea la zahanati ya ng'ambo ya mto, kwa jina la dada yake: mashine namba nne, saa tano. Mama Foleni anaweka kidole juu ya jina hilo na kukiacha hapo.

Mwezi ujao anataka kuzunguka hospitali saba za jirani, akiwafundisha wenzake. Ameshaomba ruhusa, na atakwenda na kadibodi zake. "Wasirudie kosa langu. Kwanza wajue nani ni wa kwao, ndipo wafunge mlango."

Simu ya mezani inalia tena. Safari hii anaipokea. Ni mkurugenzi: wavamizi wameandika, wanadai walipwe sasa hivi.

"Waambie wachukue namba, bosi," anasema Mama Foleni. "Wako nyuma ya dada yangu."